Mkalimani wa Nzomo Kilungya

Siku Mheshimiwa Nzomo Kilungya alipozikwa, mwaka wa tisini na nne, Mwalimu Titus Masila alisimama nyuma kabisa, pale watu walipokuwa wamekalia matuta ya shamba kwa kukosa viti. Helikopta mbili zilikuwa zimetua kwenye uwanja wa shule na kufukuza mbuzi wa kijiji kizima. Wakubwa walihutubia mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeteremka jukwaani bila kuyataja maneno yale matatu. Mwishowe kitambaa kilivutwa kaburini, yakaonekana yamechongwa kwenye jiwe jeusi: Jembe halina kabila.

Mkewe Titus, Munyiva, alikuwa amesimama kando yake, mwavuli mkononi. Hakumtazama mumewe. Alimwambia tu polepole, "Wameandika vizuri. Hawakukosea herufi."

"Hawakukosea," Titus akajibu.

Walirudi kijijini kwao Kola kwa miguu, mwendo wa saa moja na nusu, na njiani wakazungumza juu ya mahindi.

Katika umati ule wote, ni hao wawili tu waliojua kwamba Nzomo Kilungya hakuyatunga maneno hayo.

Titus alizaliwa Mombasa, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, ambako baba yake alikuwa kibarua wa kupakia mizigo. Alicheza na watoto wa Kiswahili, akalelewa na majirani wa Kiswahili, hata mama yake akalalamika kwamba mtoto anaota kwa lugha ya watu. Baba alipofariki, Titus akiwa na miaka kumi na saba, walirudi Kola. Kijiji kikamwona kama mgeni. Kikamba chake kilikuwa na makengeza, na Kiswahili chake kilikuwa safi mno kwa watu waliokitumia sokoni tu na kukiacha hukohuko. Alisomea ualimu, akamwoa Munyiva, akajenga nyumba ya matofali juu ya kilima. Lakini lile jina la "mtu wa Mombasa" halikumtoka.

Ndilo lililomfanya aitwe na Nzomo. Nzomo alikuwa ametoka kizuizini baada ya miaka sita, jicho moja limefifia, na Ukambani nzima ilikuwa ikimfuata. Kwa Kikamba hakuwa na mpinzani. Angeweza kuwaliza wazee na kuwachekesha kabla machozi hayajakauka. Kiingereza cha misheni alikuwa nacho. Kiswahili ndicho kilichomshinda, na uhuru ulikuwa unahubiriwa kwa Kiswahili. Akauliza ni nani Machakos anakijua kama mwenyewe. Akaambiwa, yuko mwalimu kule Kola.

Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu Titus alikuwa mdomo wa pili wa Nzomo. Siku za Jumamosi na Jumapili walizunguka na gari aina ya Landrova lililokuwa na kipaza sauti juu yake. Nzomo alisema sentensi mbili tatu, akanyamaza, na Titus akazivusha. Alikuwa mwaminifu kwa kazi hiyo. Nzomo akitukana, naye alitukana. Akitania, Titus alitafuta utani wa Kiswahili uliokuwa na uzito uleule.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka siku ya mkutano wa Ndithini, mwezi wa nane mwaka wa sitini na moja.

Walikuwa wamekwenda kuhutubia vibarua wa mashamba ya mkonge. Pale palikuwa na Wakamba, lakini palikuwa pia na Wajaluo, Waluhya, Wakikuyu na Wameru, watu waliokuwa wamekata mkonge wa mzungu kwa miaka ishirini mpaka viganja vikawa kama magome. Nzomo alikuwa na homa siku hiyo. Asubuhi alikuwa amegombana na wazee fulani waliomwambia kwamba anazunguka na wageni na kuwasahau watu wake. Alipanda jukwaani akiwa na hasira ambayo haikuwa na mahali pa kwenda. Alisema kwa Kikamba, "Mashamba haya ni ya babu zetu. Mzungu akiondoka, Mkamba atarudi kwenye ardhi yake. Aliyeletwa na treni, na apande treni."

Wakamba wakapiga vigelegele. Wengine wote wakamgeukia Titus, wakitabasamu, wakingoja na wao wapewe sehemu yao.

Mstari wa mbele palikuwa na mwanamke mmoja wa Kijaluo aliyembeba mtoto mgongoni. Alikuwa ameinua mkono juu ya macho kuzuia jua. Titus alimtazama, akafungua kinywa, na hakujua atasema nini mpaka alipojisikia akisema:

"Jembe halina kabila. Aliyeilima ardhi hii, jasho lake limo humu, na abaki humu."

Kisha uwanja ukalipuka. Watu walirusha kofia, wanawake wakapiga makofi juu ya vichwa vyao, na mtu mmoja akaanza kuimba maneno hayo kama wimbo. Wakamba waliozisikia lugha zote mbili walitazamana, wengine wakacheka wakidhani mkalimani amepotea njia. Lakini shangwe ilikuwa kubwa, na mtu hukumbuka kile kilichoshangiliwa. Hazikupita wiki mbili kabla ya hao Wakamba nao kuapa kwamba ndivyo walivyosikia.

Katika gari Nzomo alitazama nje mpaka walipoikaribia Thika.

"Uliwaambia nini?" akauliza.

Titus akamwambia. Hakuona faida ya kuficha; alidhani kazi imekwisha, na pengine afadhali iishe.

Nzomo aliyarudia maneno yale chini kwa chini, akiyatia ile sauti ya 'n' ya Kikamba mwanzoni. "Njembe," alisema. Titus akamsahihisha. "Jembe," akasema tena, mara tatu, kama mtoto wa darasa la kwanza. Kisha akafumba jicho lake zima.

"Mwalimu, nisikilize. Likitoka kinywani mwako, hilo ni neno zuri la mwalimu wa Kola. Likitoka kinywani mwangu, watu watalifanyia kazi. Kuanzia leo nitalisema mimi mwenyewe."

Na alilisema. Alilisema Mombasa, Kisumu na Nakuru. Alijifunza Kiswahili kwa ajili ya kulisema, Titus akiwa mwalimu wake, na siku alipokijua vya kutosha hakuhitaji mkalimani tena. Uhuru ulipokuja, akawa waziri mdogo. Alijipatia shamba kubwa huko Yatta, kama wenzake. Hata hivyo, lazima isemwe, alipigania pia vibarua wa Ndithini bungeni kwa miaka minne, mpaka familia thelathini na kitu za makabila matano zikapewa vipande pale pale zilipokuwa zimelima. Titus alisoma habari hiyo gazetini, akiwa darasani Kola, chaki mkononi. Alifurahi. Alisikia pia kitu kingine kando ya furaha hiyo, na jioni alipojaribu kumweleza Munyiva, alishindwa kukipatia jina.

"Ni wivu," Munyiva alimsaidia.

"Si wivu."

"Basi ni njaa. Njoo ule."

Munyiva ndiye peke yake aliyewahi kuambiwa. Hakuwahi kumsifu kwa jambo hilo wala kumhimiza adai chochote. Lakini kila maneno yale yalipotajwa redioni, alikuwa akiinua macho kutoka kwenye kazi yake na kumtazama mumewe, mara moja tu, kisha akaendelea kusuka kikapu chake cha kyondo. Titus aliishi kwa mtazamo huo miaka thelathini na saba.

Mwaka wa tisini na nane Munyiva aliugua uvimbe tumboni. Alilazwa majuma matatu, akafa siku ya Jumatano asubuhi, na kuzikwa nyuma ya nyumba, chini ya tuta la tatu la kukinga maji, mahali alipokuwa akipanda mbaazi.

Majuma kama sita baada ya mazishi Titus alikuwa akichambua maharagwe huku redio ikizungumza. Mtangazaji akayataja maneno ya marehemu Nzomo Kilungya. Titus akainua macho kuelekea kigoda cha Munyiva. Hapo ndipo alipofahamu hasa kilichompata. Hakukuwa na mtu mwingine duniani aliyejua. Akiwa peke yake na habari ile, haikuwa tofauti sana na kitu alichokiota.

Miaka iliyofuata ilikwenda hivyo. Alikuwa amestaafu. Alilima kahawa kidogo, machungwa kidogo. Ndinda, binti yao, mtoto pekee aliyeishi akakua, alikuwa akishona suruali katika kiwanda kimoja huko EPZ, eneo la viwanda la Athi River, na alikuja nyumbani Jumapili moja kwa mwezi, wakati mwingine moja kwa miezi miwili, akiwa amechoka. Titus alipika chakula cha watu wawili kwa kusahau, akakila kesho yake kikiwa baridi. Alibishana na wasomaji wa habari redioni. "Si 'kitu yake', ni 'kitu chake'," aliliambia sanduku lile, na kuku aliyekuwa mlangoni akamtazama. Kanisani walimheshimu na kumpisha kiti, lakini baada ya ibada hakuna aliyebaki kuzungumza naye. Vijana walisema mzee yule anaongea kama kitabu.

Mwaka wa elfu mbili na sita alikuja binti mmoja, Carol, mwanafunzi wa chuo kikuu kutoka Syokimau. Alikuwa akiandika maisha ya Nzomo Kilungya, na mtu fulani alikuwa amemwonyesha picha ya zamani ya mkutano. Kando ya Nzomo alisimama kijana mwembamba aliyevaa tai.

"Huyu ni wewe, Mwalimu?"

"Ndimi huyo. Tai ilikuwa ya kuazima."

Carol alicheka, akatoa kinasa sauti, akakiweka juu ya meza. Kwa siku mbili alimuuliza mambo ya kawaida. Siku ya tatu akasema, "Niko na swali moja la mwisho. Yale maneno ya jembe, alikuwa ameyaandika mapema ama yalimjia tu hapo hapo?"

Titus alisogeza kikombe kando. Chai ikapoa. Kisha akamweleza yote, tangu homa ya asubuhi mpaka Thika.

Carol alizima kinasa sauti. "Mwalimu, mimi nakuamini. Lakini kuna mtu mwingine anajua hii story?"

"Yuko mmoja."

"Naweza kuongea na yeye?"

Titus alionyesha kwa kidevu upande wa dirisha la nyuma. Carol aliinuka, akachungulia, akaona msalaba wa saruji. Akarudi kukaa.

Aliahidi kutafuta. Titus hakumtegemea, vijana huahidi. Lakini mwezi wa kumi na moja mwaka uliofuata alirudi, vumbi mpaka kwenye nyusi, na kabla hajaketi alitoa karatasi mkobani. Serikali ya mkoloni ilikuwa na wapelelezi katika kila mkutano, alisema, na mmoja wao alikuwa Ndithini, mtu aliyejua Kikamba na Kiswahili. Ripoti yake ilikuwa imelala ndani ya faili Nairobi miaka yote hiyo. Carol aliitafsiri kutoka Kiingereza, kidole kikifuata mistari:

"'Msemaji alidai ardhi ni ya Wakamba, na kwamba wengine waondoke kwa treni iliyowaleta. Mkalimani hakutafsiri maneno hayo. Badala yake alisema jembe halina kabila. Haijulikani kama alikosea au alikusudia.'"

Titus aliomba aisome tena. Aliposikia mara ya pili alivua miwani akaipangusa kwa muda mrefu. Mtu asiyemjua, adui kwa kweli, alikuwa amesimama katika umati ule na kumsikia yeye.

"Sasa niambie," Carol akasema. "Ulikosea ama ulikusudia?"

"Niliogopa," Titus akajibu. "Niliona watu wanaotabasamu, nikaogopa kuwa mimi ndiye nitakayeliondoa lile tabasamu. Ni hilo tu."

Carol alisema hilo litakuwa kiini cha kitabu chake. Kitageuza kila kitu kilichoandikwa juu ya Nzomo. Aliacha nakala ya karatasi ile, akashuka kilima. Kwa majuma matano Titus Masila aliishi kama mtu aliyealikwa karamuni. Alinunua shati. Kanisani alibaki nje baada ya ibada na kuwasalimu watu mmoja mmoja.

Kisha ukaja uchaguzi, na baada ya uchaguzi ikaja Januari ile ya watu kufukuzana kwa makabila.

Redio ilitaja miji iliyokuwa ikiungua. Simu ya Ndinda haikupatikana kwa siku nne. Titus alikaa mlangoni na simu mapajani, akiipandisha kileleni kutafuta mtandao kila baada ya saa moja. Siku ya tano ikalia.

"Baba, tuko sawa," Ndinda alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Hapa kwa ploti, kwa hizi nyumba za kupanga, tuko watu wa kila aina. Kuna Wajaluo, kuna Wakikuyu, kuna wale Wakisii wa chini. Vijana walikuja wakasema tuwatolee watu fulani. Tulikataa."

"Mliwakataliaje?"

"Tulisimama tu kwa lango, wote. Mimi nilikuwa nimeshona kitambaa, zile pisi za kiwanda, nikaandika na herufi kubwa yale maneno ya Mzee Nzomo. Tukaining'iniza hapo. Kulikuwa na kijana wao mmoja Mkamba, akaisoma, akasema, hii ni ya Nzomo, sisi hatuwezi kuingia hapa. Wakaenda." Akangoja aitikiwe. "Baba? Uko hapo?"

"Niko."

"Nashukuru Mungu kwa yule mzee. Kama si yeye sijui."

"Ndiyo," Titus alisema. "Mshukuru."

Mwezi wa pili barabara zilipotulia, Carol alikuja. Titus alikuwa ameshakata shauri, na hakumzungusha. Alimwomba aliache jambo lile nje ya kitabu.

Carol aliduwaa. "Mwalimu, hii ni historia. Si yako peke yako."

"Najua."

"Sasa unataka niandike uongo?"

"Sitaki uandike uongo. Nataka unyamaze. Ukiandika kwamba mimi ndiye niliyesema, itabidi uandike yeye alisema nini. Utaandika treni. Wako watu wanaoitafuta hiyo treni leo, mwanangu. Wakiambiwa Nzomo Kilungya mwenyewe aliisema, watashukuru sana."

"Lakini alibadilika. Hiyo ndiyo inafanya akuwe mtu mkubwa. Alisikia neno nzuri akalifuata. Watu wataelewa."

"Watu wa chuo wataelewa." Titus akaendelea. "Mimi nililisema mara moja. Yeye alilisema miaka thelathini, mpaka likamkamata hata yeye. Ningelikuwa nimelisema mimi, kijana yule wa langoni angelisoma akapita ndani."

"Na mpaka lini?"

"Mpaka ninyi muwe mmeshazeeka. Weka karatasi yako."

Carol alikuwa na machozi ya hasira. Alisema hana hakika kama atakubali. Hakunywa chai. Titus alimsindikiza mpaka barabarani, wakasimama kungoja pikipiki, na ilipokuja Carol alipanda akaagana naye kwa mkono tu. Titus alirudi akipanda kilima polepole, na katikati alisimama, kwa sababu ilimjia kwamba pengine Carol ndiye mwenye haki. Kisha akaendelea kupanda.

Kitabu kilitoka mwaka uliofuata. Carol alimtumia nakala kwa posta, na Titus alikisoma kwa siku tatu. Treni haikuwamo. Kuhusu maneno yale Carol alikuwa ameandika hivi: "yalisikika kwa mara ya kwanza katika mkutano wa Ndithini." Yalisikika. Titus alilitazama neno hilo na kuliona limewekwa kwa akili nyingi. Halikusema yametoka kwa nani. Kwenye ukurasa wa shukrani, katika orodha ya watu arobaini, jina lake lilikuwapo, limekosewa herufi moja: Titus Musila. Carol alipiga simu mara moja kuuliza kama kimefika, kisha akapata kazi Kisumu, na baada ya hapo simu zake zikawa za Krismasi.

Jumapili moja ya mwezi wa tisa, Ndinda alikuja nyumbani. Alipika muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, akafagia uwanja, akakaa kwenye mkeka kivulini, miguu ameinyoosha, vidole vya mkono wa kulia vimevimba kwa mashine. Titus alivuta kigoda karibu. Alikuwa ameazimia tangu juma lililopita.

"Ndinda, kuna jambo mama yako alilijua, na wewe hulijui."

"Niambie, baba."

Alianza mbali, kwenye nyumba za reli za Mombasa, ili aelewe vizuri. Alimweleza juu ya Kiswahili cha majirani, juu ya tai ya kuazima, juu ya Landrova. Ndinda alikuwa akiitikia, "Mm." Kisha kuitikia kukawa kwa mbali. Titus alipofika Ndithini, kwa yule mwanamke aliyeinua mkono juu ya macho, alitazama chini, akaona binti yake amelala usingizi, kinywa kimefunguka kidogo.

Hakumwamsha. Ndinda alikuwa amefanya kazi siku kumi na mbili mfululizo. Ila Titus hakuacha kusimulia. Alishusha sauti, akaendelea, akasema maneno ya Kikamba kama yalivyosemwa, na baada yake yale ya Kiswahili, akaeleza shangwe, kofia zilizorushwa, na njia yote mpaka Thika. Alisema mpaka mwisho, bila kuruka kitu. Upepo wa alasiri ulikuwa umeanza kuvuma kutoka upande wa vilima, akaingia ndani kuchukua leso, akamfunika Ndinda miguu.

Kisha akaenda kuwatolea mbuzi maji, kwa sababu ilikuwa saa yao.